Kaya ya Katikati: Namna ya Kukadiria Kipato cha Watu wa Kibiti na Delta ya Rufiji Mwaka hadi Mwaka

Ukiulizwa kaya ya kawaida ya Wilaya ya Kibiti inaishi kwa shilingi ngapi kwa mwezi, na kama hali yake imepanda au imeshuka tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe mwaka 2003, usihangaike kutafuta jedwali moja lenye jibu. Halipo. Ofisi ya Taifa ya Takwimu hupima mapato na matumizi ya kaya kwa ngazi ya taifa, na katika utafiti wa mwaka 2017/18 ikashuka hadi ngazi ya mkoa. Wilaya haina namba yake. Ndiyo maana afisa mipango, meneja wa SACCOS, mwanafunzi wa chuo au shirika linalotaka kujua kama mradi wake umesaidia, wote huishia kuchukua namba ya Mkoa wa Pwani na kuibandika Kibiti. Ndani ya namba hiyo mmechanganywa Kibaha na viwanda vyake, Mkuranga inayopakana na Dar es Salaam, Bagamoyo na hoteli zake, pamoja na Msala na Kiongoroni ambako hufiki ila kwa chombo cha majini. Mvuvi wa delta hajioni humo.

Unaweza kutengeneza makadirio yako, tena kwa fedha za kawaida, mradi ukubali kufanya kazi polepole na kuandika kila uamuzi unaoufanya. Kadirio la mwaka mmoja si gumu sana. Kazi iko kwenye kulinganisha miaka, kwa sababu kati ya kipimo na kipimo hubadilika mipaka, bei, ukubwa wa kaya, dodoso lenyewe, na hata mto.

Anza kwa kuamua unatafuta namba gani. Wastani wa kawaida, ule wa kujumlisha na kugawanya, utakupotosha. Tuseme kitongoji kina kaya tisa. Nane zinatumia kwa mwezi shilingi 90,000, 110,000, 120,000, 140,000, 150,000, 170,000, 200,000 na 240,000. Ya tisa ni ya tajiri anayenunua kamba na kuwapeleka Dar es Salaam, inatumia 2,200,000. Wastani wa kitongoji ni 380,000, na hakuna kaya hata moja inayoishi karibu na kiasi hicho. Ukizipanga kaya hizo kuanzia ya chini hadi ya juu na kusimama kwenye ya tano, unapata 150,000. Hiyo ndiyo mediani, kipato cha kaya ya katikati: nusu ya majirani wako chini yake, nusu wako juu. Mwaka unaofuata tajiri akihamia mjini, wastani unaporomoka hadi 152,500, na msomaji wa ripoti ataamini kitongoji kimepata janga, ilhali hakuna aliyepoteza hata senti. Mediani itasogea hadi 145,000 tu. Katika maeneo ambako kila kijiji kina mnunuzi mkubwa mmoja au wawili na wavuvi na wakulima wengi, mediani ndiyo inayosema kweli.

Kabla ya namba, mpaka

Wilaya ya Kibiti unayoijua leo haikuwepo kwenye sensa ya 2002 wala ya 2012. Ilikuwa sehemu ya Rufiji, na halmashauri yake ilianza kazi mwaka 2016. Rufiji ya zamani ilikuwa na watu 203,102 mwaka 2002 na 217,274 mwaka 2012. Hesabu hizo zinabeba Utete, Ikwiriri na Mohoro zilizobaki Rufiji, na Kibiti, Bungu na delta iliyokwenda Kibiti. Ukichukua takwimu yoyote ya "Rufiji" ya kabla ya mgawanyo na kuilinganisha na "Rufiji" ya sensa ya Agosti 2022, unalinganisha nyumba nzima na chumba kimoja.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuziunganisha wilaya hizi mbili za sasa na kuziita Rufiji ya zamani katika miaka yote. Ni rahisi, lakini inaficha tofauti unayoitafuta. Ya pili ni kushuka hadi kijiji. Kata nazo zimegawanywa na kupewa majina mapya, hivyo usiamini jina la kata peke yake. Tengeneza orodha ya vijiji, na mbele ya kila kijiji andika kilikuwa kata gani na wilaya gani katika kila sensa. Mtendaji wa kata na wazee wa baraza watakusaidia kuliko ramani yoyote. Mimi ningechagua njia ya pili hata kama inachukua wiki nzima, kwa sababu kazi yote inayofuata inasimama juu ya orodha hiyo.

Ukiwa nayo, gawa eneo katika matabaka yanayoishi maisha tofauti. Kwa Kibiti ningeweka matatu. La kwanza ni vijiji vya kando ya barabara kuu ya kusini, Bungu, Mjawa, Mchukwi na Kibiti mjini, wanakoishi kwa korosho, mihogo, matunda, biashara na bodaboda. La pili ni vijiji vilivyo ndani, mbali na lami, kama Mtunda na Ruaruke. La tatu ni delta yenyewe: Salale, Mbuchi, Msala, Kiongoroni na Maparoni, kwa wavuvi, wakulima wa mpunga na wakata boriti. Delta ipewe tabaka lake hata kama watu wake ni wachache. Ukiacha bahati iamue, wadadisi wako watatumia siku zote barabarani, na boti itaonekana ghali mno.

Uliza chakula kabla ya fedha

Mtu wa delta ana sababu nzuri za kutokukuambia kipato chake. Msitu wa mikoko umewekwa chini ya hifadhi tangu enzi ya Wajerumani, mwaka 1898, na mpunga mwingi umelimwa mahali palipokuwa na mikoko. Ukimuuliza ana ekari ngapi, unamuuliza amefyeka kiasi gani. Ukimuuliza ameuza korija ngapi za boriti, unamuuliza kama alikuwa na kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu. Mwingine atadhani unatoka kwenye ushuru, na mwingine atadhani unaandikisha kaya za TASAF, basi atajipunguza ili asikose jina. Wote watatu watakupa namba, na zote tatu hazifai.

Kwa hiyo pima matumizi. Kaya ilikula nini, ilinunua nini, ilipokea nini, ililipa nini kwa shule, dawa, mafuta ya taa au betri ya sola, nauli, salio la simu, sare, michango ya misiba na harusi. Ofisi ya Taifa ya Takwimu nayo hupima umaskini kwa matumizi, hivyo utaweza kulinganisha. Kwenye ripoti sema wazi kuwa ni kipato kilichokadiriwa kwa njia ya matumizi, ili asije mtu akakichanganya na mshahara.

Usisahau kinachotoka shambani na baharini bila kupita sokoni. Kaya ya Mbuchi inaweza kula mpunga wake, samaki wake, nazi zake na mchicha wake mwezi mzima na ikatumia fedha kidogo mno. Ukihesabu fedha peke yake, itaonekana fukara kuliko kibarua wa Kibiti mjini anayenunua kila kitu kwa vipimo vidogo na kulala na njaa. Vithamini vyakula hivyo kwa bei ya mkulima anapouza kijijini wakati wa mavuno. Ukitumia bei ya Machi, wakati mchele umeadimika, utaitajirisha kaya kwa makaratasi. Bei yoyote utakayochagua, iandike na uitumie hiyohiyo kila mwaka.

Vipimo ni kazi ya peke yake. Watu watakujibu kwa gunia, debe, kisado, pishi, fungu, tenga na mkungu. Gunia la lumbesa si gunia la kawaida, na fungu la samaki la bandari ya Nyamisati asubuhi si fungu la Bungu jioni. Nunua mzani mdogo wa kuning'iniza, pita sokoni na vijijini, pima kila chombo mara kadhaa, kisha utengeneze karatasi ya kugeuza vipimo kuwa kilo, moja kwa kila tabaka. Fanya hivyo kabla ya dodoso la kwanza. Nimeona tafiti zenye hesabu za hali ya juu ambazo hazikupima debe hata moja, na siziamini.

Maswali machache ya kipato yabaki, kwa ajili ya kukagua. Kwa mvuvi, anza na mgao: chombo cha nani, nyavu za nani, mafuta na barafu vinatolewa kabla ya kugawana au baada, na mwenye chombo anachukua sehemu ngapi. Ukiuliza "uliuza shilingi ngapi" utapata mauzo ya chombo kizima, na watu watano wakikujibu hivyohivyo umehesabu samaki wale wale mara tano. Uliza pia kama amekopeshwa jarife au mashine na tajiri. Mvuvi wa aina hiyo humuuzia tajiri kwa bei ya chini, na tofauti ya bei ndiyo riba yake. Kwa korosho mambo ni mepesi, kwa sababu zinauzwa kupitia chama cha msingi kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na mkulima ana karatasi au ujumbe wa malipo kwenye simu. Mwombe akusomee. Ujumbe wa fedha za simu unakumbuka vizuri kuliko mtu yeyote, na unaonyesha pia kilichotumwa na watoto walioko mjini.

Zungumza na mama wa nyumba peke yake, kwa heshima na kwa ridhaa yake. Baba anajua bei ya mashine. Unga umeisha lini anajua mama. Fedha za mikeka ya ukindu, makuti na vitumbua mara nyingi ziko kwenye mkoba wake na hazitajwi mbele ya mume. Kwa mwanamume mwenye wake wawili, hesabu kaya kwa chungu: wanaokula chungu kimoja ni kaya moja. Wakipika mbalimbali ni kaya mbili, na mume ahesabiwe mahali pamoja tu.

Mwezi wa angani na mwezi wa kalenda

Rufiji ina miezi ya shibe na miezi ya kufunga mkaja. Mpunga wa delta huvunwa katikati ya mwaka. Korosho huleta fedha kuanzia Oktoba. Machi na Aprili mvua za masika zinapiga, maghala ni matupu, na mto unaweza kufurika. Ukipima Novemba mwaka huu na Aprili miaka mitano baadaye, utatangaza kuanguka kwa uchumi ambako hakukutokea. Tafiti za taifa husambaza kaya katika miezi 12 kwa sababu hiyo. Wewe huna fedha za kufanya hivyo. Basi zitembelee kaya zilezile mara tatu kwa mwaka: baada ya mavuno ya mpunga, wakati wa korosho, na kwenye masika. Ukimudu mara moja tu, chagua msimu mmoja, utaje kwenye kichwa cha jedwali, na usiubadilishe kamwe.

Delta ina saa nyingine juu ya hiyo. Wakati wa bamvua maji yanakwenda na kurudi kwa nguvu, na mitego ya kwenye vijito haipati sawa na wakati wa maji mafu. Mzunguko huo huchukua karibu wiki mbili. Swali la "siku saba zilizopita", linalopendwa sana kwenye madodoso, linaweza kuangukia upande mmoja tu wa mzunguko: kaya moja ikaulizwa juu ya bamvua na jirani yake juu ya maji mafu, nawe ukaiita tofauti hiyo pengo la kipato. Utafiti wa Mapato na Matumizi wa mwaka 2017/18 ulitumia daftari la siku 14 kwa kila kaya, badala ya siku 28 za mwaka 2011/12. Kwa delta, siku 14 ndizo zinazofaa hasa, kwani zinabeba bamvua moja na maji mafu mamoja. Ziachie kaya daftari, mtafute kijana anayesoma aandike kila jioni, na mdadisi apite kila baada ya siku mbili au tatu kukagua. Lakini kumbuka mabadiliko hayo unapolinganisha tafiti hizo mbili za taifa: mtu anayeandika kwa siku 28 huchoka na kuanza kuruka vitu, hivyo sehemu ya tofauti kati ya miaka hiyo inaweza kuwa ya daftari.

Utakuta pia nyumba tupu. Wakati wa kulima na kulinda mpunga dhidi ya ndege, nguruwe na viboko, familia huhamia kwenye madungu mashambani. Wavuvi huenda dago na kukaa wiki kadhaa. Mdadisi mvivu ataandika "hawapo" na kuchukua nyumba ya jirani, na kwa kufanya hivyo atachagua waliobaki kijijini: wazee, wagonjwa, wenye maduka. Panga siku za kufuata watu shambani, na uziweke kwenye bajeti tangu mwanzo.

Idadi ya kaya, uzito, na ukingo wa kosa

Usianze na idadi kubwa. Kaya 100 zilizochaguliwa kwa haki zinatosha kukupa jibu la maana. Ila zitoke vitongoji vingi: kaya 10 katika vitongoji 10 ni bora kuliko kaya 50 katika viwili, kwa kuwa watu wa kitongoji kimoja hufanana. Omba orodha ya kaya kwa mwenyekiti wa kitongoji, ihakiki kwa kutembea, kisha uchague kwa kura. Mwenyekiti asikuchagulie, hata akiwa na nia njema; atakupeleka kwa wanaojua kuzungumza na wageni.

Matabaka yakiwa na ukubwa tofauti, kila kaya inabeba uzito wake. Tuseme wilaya ina matabaka mawili tu, nawe umehoji kaya 40 kati ya 4,000 za delta, na 40 kati ya 12,000 za barabarani. Kila kaya ya delta inasimama kwa kaya 100, na kila ya barabarani inasimama kwa 300. Andika zote 80 kwenye orodha moja, kuanzia inayotumia kidogo zaidi, na uzito wake pembeni. Jumla ya uzito ni 16,000. Jumlisha kutoka chini hadi ufike 8,000. Kaya uliyosimama juu yake ndiyo mediani ya wilaya. Usichukue mediani ya delta na mediani ya barabarani ukazigawa kwa mbili. Kosa hilo nimelikuta kwenye ripoti zilizochapishwa kwa karatasi nzuri, na jibu lake si mediani ya mtu yeyote.

Ukingo wa kosa unaweza kuupata bila kompyuta. Kwa kaya 100 zilizochaguliwa kwa kura na zenye uzito sawa, zipange kwa mfuatano: mediani ya kweli iko kati ya kaya ya 40 na ya 61, kwa uhakika wa takriban asilimia 95. Kwa kaya 60 ni kati ya 22 na 39. Kwa sampuli ya vitongoji ongeza kidogo pande zote mbili, kwa sababu ya kule kufanana. Kama kaya ya 40 inatumia 130,000 na ya 61 inatumia 185,000, basi andika hivyo. Miaka mitano baadaye ukipata mediani ya 160,000 badala ya 150,000, huna ushahidi wa kupanda wala kushuka, na usiruhusu mtu akulazimishe kuutaja.

Toa matokeo kwa kaya na kwa mtu mzima. Ukubwa wa kaya nchini ulishuka kutoka watu 4.7 mwaka 2012 hadi 4.3 mwaka 2022. Vijana wakijenga nyumba zao, matumizi ya kila kaya hupungua hata kama kila mtu anakula kama zamani.

Kurudi nyuma

Miaka ambayo hukuwepo unaikadiria kwa kuunganisha vyanzo, na kila kimoja kina kasoro unayopaswa kuijua. Tafiti za Mapato na Matumizi ya Kaya za Tanzania Bara zilifanyika 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. Kaya za Rufiji zilizomo ni chache mno kutoa mediani ya wilaya, lakini zinafaa kukuonyesha uhusiano: kaya yenye bati, sakafu ya saruji, redio na watu sita hutumia kiasi gani vijijini Pwani. Chukua uhusiano huo, uuweke kwenye takwimu za sensa ambazo ziliuliza paa, sakafu na vifaa vya kaya nyingi, na utapata makadirio ya wilaya. Njia hii ilitumiwa kuunganisha utafiti wa 2000/01 na sensa ya 2002, na makadirio ya umaskini kwa wilaya yakachapishwa katika Ripoti ya Umaskini na Maendeleo ya Watu ya mwaka 2005. Tahadhari moja: maana ya bati hubadilika. Kabla ya daraja, bati delta lilikuwa alama ya utajiri. Leo kaya nyingi za kawaida zinalo. Uhusiano wa mwaka 2001 usiutumie kwa sensa ya 2022.

Ufuatiliaji wa kaya za Rufiji, ambao baadaye ulisimamiwa na Taasisi ya Afya Ifakara, ulianza mwaka 1998, kaya zikitembelewa kila baada ya miezi minne, na kumbukumbu zake za mali za kaya ni hazina. Lakini eneo lake lilikuwa kata za Kibiti, Bungu, Mchukwi, Ikwiriri, Mgomba na Umwe, zote za nchi kavu. Delta haimo. Miaka hiyohiyo mradi wa mazingira wa Rufiji chini ya IUCN ulifanya tathmini ya matumizi ya maliasili katika bonde na delta. Hapo ndipo utakuta samaki, boriti, ukindu na asali vikithaminiwa kwa kaya. Soma vyote viwili pamoja, kwa kuwa kila kimoja kina kile ambacho mwenzake amekiacha. Picha za taa za usiku kutoka angani usizitegemee hapa. Kijiji cha sola huonekana giza kikiwa na fedha au bila fedha.

Kisha ondoa mfumuko wa bei. Desemba 2011 ulifikia asilimia 19.8 kwa mwaka. Shilingi ya Januari na ya Desemba mwaka huo si shilingi moja. Kwa kipindi cha 2011/12 hadi 2017/18 unaweza kutumia mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi kama kipimo cha kwanza: ulitoka shilingi 36,482 hadi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani ongezeko la asilimia 35. Mstari wa chakula ulitoka 26,085 hadi 33,748, asilimia 29. Kaya iliyotumia 100,000 mwaka 2011/12 ilihitaji takriban 135,000 mwaka 2017/18 ili isimame palepale. Linganisha na fahirisi ya bei za walaji, ambayo sasa msingi wake ni mwaka 2020. Mfululizo wa zamani uuunganishe kwa kutumia mwezi ambao ripoti zote mbili zinao. Vipimo hivi havitalingana, kwa kuwa vikapu vyake ni tofauti. Toa matokeo kwa vyote viwili. Na bei za delta ziandikie orodha yake: sukari na sabuni vinapanda kwa nauli ya boti, samaki wanashuka.

Kuna miaka isiyofaa kuwa mwanzo wa ulinganisho. Mafuriko ya El Niño ya 1997/98 na ya Aprili 2024 yalisomba mazao na kuhamisha watu. Mwaka 2017 Kibiti ilikuwa kwenye hofu ya mauaji ya viongozi wa vijiji na polisi. Watu walihama, safari za pikipiki usiku zilikatazwa, na anayejibu maswali ya mgeni wakati huo hajibu kama siku nyingine. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mafuriko ya mto hayaji kwa utaratibu uleule, na kilimo cha mlau kinachotegemea unyevu wa maji yaliyokupwa kinabadilika nacho. Ukichagua mwaka wa janga kuwa mwanzo, kila kinachofuata kitaonekana maendeleo.

Waliohama wafuate. Huko Kagera, utafiti ulioanza 1991 ulizitafuta tena kaya zake mwaka 2004 hadi kwa waliotoka mkoani. Ukuaji wa matumizi ya waliohama ulizidi ule wa ndugu zao waliobaki kwa pointi 36 za asilimia. Delta nayo hupeleka vijana Mbagala na Mafia kila mwaka. Ukipima waliobaki tu, unapima kijiji. Ukiwafuata walioondoka, unapima watu. Vyote viwili ni halali, mradi useme kipi umefanya.

Mwisho ni karatasi. Pitia kwa mkurugenzi wa halmashauri, kisha kata, kijiji na kitongoji, na kwa utafiti wa kitaaluma pata kibali cha Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH). Sheria ya Takwimu ya 2015 ilibanwa mwaka 2018 na kulegezwa 2019, lakini mtu anayetoa namba bila kueleza alivyoipata bado anajiweka pabaya. Weka mbinu yako kwenye kurasa za mwanzo. Majina ya kaya yatunze mbali na majibu yao, kwa kuzingatia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Matokeo yasome kwenye mkutano wa kijiji kabla hujayachapisha, kwa mafungu, bila kumtaja mtu: kaya ya katikati ya delta inatumia kiasi hiki. Wenyeji watakuambia papo hapo kama umesahau msimu wa kaa au umeuzidisha mpunga. Nakala ya orodha ya vijiji, karatasi ya uzito wa madebe na mafungu, orodha za bei na dodoso tupu ziache halmashauri, na nyingine kwa mtendaji wa kijiji, zikiwa na tarehe na hali ya bamvua.